Farasi mrefu mwenye mbio si lazima awe Thoroughbred

Wanunuzi wengi wa farasi hapa Uganda huamini kwamba akiwa mrefu, mwembamba na mwenye mbio, basi ni Thoroughbred. Si ajabu, maana wengi wa aina hiyo ndivyo walivyo. Ila jina hilo ni la ukoo mmoja uliozalishwa Uingereza, na vitabu vyake vya nasaba vipo tangu karne ya 18. Farasi huandikwa humo kwa wazazi wake, si kwa umbo. Muuzaji akikuonyesha miguu, wewe omba pasipoti ya farasi, yaani hati yake ya utambulisho. Linganisha mabaka meupe na mizunguko ya manyoya iliyochorwa humo na farasi aliye mbele yako, kisha daktari wa mifugo asome namba ya chipu, kifaa kidogo kilichowekwa chini ya ngozi ya shingo, na kuilinganisha na iliyo kwenye pasipoti. Alama au namba zisipolingana, huenda bado ni farasi mzuri wa kupanda, lakini bei ishuke.