Nyoka kwenye hema, nyoka kwenye kihamba (shamba la nyumbani): maswali mliyoniuliza

Kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, cha akina mama huku Kahe, chini ya Moshi, kilinialika niwaeleze kuhusu shinikizo la damu. Kabla sijafungua mdomo vizuri, mama mmoja akasimama akasema jirani yao amegongwa na nyoka juzi akikata majani ya ng'ombe. Presha ikasahaulika hapo hapo. Siku chache baadaye vijana wa Arusha wanaopanga kupiga kambi kule chemchemi ya Chemka wakaniuliza karibu maswali yale yale, ndipo nikaona niyajibu kwa pamoja.

Mimi ni muuguzi, nimekaa wodini miaka mingi. Jambo hili linanichoma, kwa sababu wengi niliowaona wakipoteza kidole, mguu au uhai waliletwa wamechelewa, na saa zile zilipotelea nyumbani, ndugu wakihangaika kwa upendo wote na kamba, na jiwe, na kumsaka nyoka.

Huku kwetu tuogope nyoka gani?

Kifutu kwanza. Ni mfupi, mnene kama mkono wa mwanaume, kichwa kipana, na rangi zake utadhani majani makavu ya mgomba. Nyoka wengi wakisikia hatua zako wanaondoka; kifutu anabaki palepale, anategemea kutoonekana. Ndiyo maana anakanyagwa. Ukimsogelea anapumua kwa nguvu kama tairi linalotolewa upepo, na ukiisikia sauti hiyo simama, tazama ilikotoka, kisha rudi nyuma. Sumu yake inavimbisha kiungo chote na inaweza kuozesha nyama.

Swila anainua shingo na kutema sumu kuelekea machoni, umbali wa mita 2 hadi 3. Akiuma naye anaozesha nyama. Koboko (black mamba) anapatikana zaidi maeneo makavu ya tambarare. Ni mrefu, mwembamba, na mwili wake ni wa kijivu au kama zeituni. Weusi wake uko ndani ya mdomo. Sumu yake inapooza misuli: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, mate hayamezeki, mwishoni pumzi inakata.

Nyoka wa kijani mtini si wa aina moja. Wapo wasio na madhara, wapo wenye sumu ya kupooza kama ya koboko, na yupo mwenye macho makubwa ambaye sumu yake inazuia damu kuganda. Huyu wa mwisho anadanganya watu kwa sababu aliyeumwa anaweza kujiona mzima kwa saa nyingi, kisha fizi zikaanza kutoa damu. Kwa hiyo usikae nyumbani kwa kuwa "siumwi sana".

Wanaopanda Kilimanjaro wasihangaike mno na nyoka wakishauvuka msitu. Baridi ya huko juu haiwafai.

Shikamoo nesi. Mume wangu anasema ukigongwa funga mguu kwa mpira wa baiskeli, tena kwa nguvu, sumu isipande. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Hapana, msifunge. Na ningeomba unisomee jibu hili kwa mumeo neno kwa neno.

Nilimpokea kijana mmoja alfajiri, ameumwa na kifutu kwenye kifundo cha mguu jioni ya jana yake. Tyubu ya baiskeli ilikuwa imezungushwa chini ya goti mara tano au sita, imezama kwenye ngozi mpaka hukuweza kupitisha ukucha. Juu ya tyubu mguu ulikuwa wa kawaida. Chini yake ulikuwa umevimba, unang'aa, una rangi ya zambarau iliyoiva, na vidole vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Aliyefunga alikuwa baba yake mzazi, na alifunga vizuri sana, kwa kujitahidi. Mguu ule haukupona.

Kilichotokea ni hiki. Sumu ya kifutu na ya swila inaharibu nyama pale ilipoingia. Ukifunga, unaifungia sehemu moja na wakati huohuo unazuia damu safi kufika. Nyama inakufa mara mbili. Na kamba ikilegezwa ghafla, sumu iliyokusanyika inaingia mwilini kwa mkupuo. Ndiyo maana mgonjwa aliyefika amefungwa tunamfungua sisi, dripu ikiwa tayari na daktari yuko karibu.

Mama mkwe ana jiwe jeusi la nyoka. Limewasaidia watu wengi kijijini.

Namheshimu mama mkwe, na sitaki mgombane. Jiwe lile kwa kawaida ni mfupa uliochomwa. Lina vitundu vidogo, ndiyo maana linanata kwenye damu na baadaye linadondoka lenyewe. Mtu akiona limedondoka anasema limeshiba sumu. Lakini sumu imeshaingia ndani ya nyama kwa jino mithili ya sindano, na hakuna kitu cha juu ya ngozi kinachoweza kuivuta itoke.

Sifa zake zimetoka wapi basi? Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu kali mara nyingine anauma bila kuitoa. Watu hao wangepona hata kama wangewekewa kipande cha mkaa. Jiwe likapewa sifa ambayo si yake, na siku anakuja aliyepata sumu kamili anawekewa jiwe lile lile, wanasubiri lidondoke, na saa zinakwenda.

Kuchanja kwa wembe, kunyonya kwa mdomo, kumwagia mafuta ya taa, kupaka dawa za majani, kumgusisha na waya wa umeme: yote acheni. Kuchanja ni hatari zaidi pale ambapo sumu tayari inazuia damu kuganda, kwani kidonda hakitaacha kuvuja.

Basi tufanye nini?

Mtoe alipo, asiumwe mara ya pili. Mkalishe au mlaze, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba mnampeleka hospitali. Vueni pete, bangili, saa na viatu mapema. Mkono ukishavimba pete inageuka kitanzi, na nimeshakata pete za ndoa kwa koleo huku mwenyewe analia. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kama mnavyofanya kwa mtu aliyevunjika: banzi la ubao au fito mbili, khanga juu yake, isibane. Asitembee. Misuli ikifanya kazi inaisukuma sumu.

Andikeni saa aliyoumwa. Mkiwa na kalamu, chora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipoishia na uandike saa pembeni. Daktari ataona unavyopanda kwa kasi gani. Akisikia kichefuchefu au akilegea, alazwe kwa ubavu. Asipewe pombe. Kwa maumivu mpeni parasetamoli, kama anameza bila shida. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hapana, kwa sababu zinachangia damu kuvuja.

Yote haya yasizidi dakika chache. Gari likiwa tayari kabla hamjamaliza, ondokeni.

Na kama hakuna gari? Huku kwetu usiku ni bodaboda tu.

Bodaboda inafaa. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele, ndugu mwenye nguvu nyuma amshike asianguke akizimia. Huko Nepal walipanga waendesha pikipiki wa kujitolea kuwabeba walioumwa na nyoka kwa mtindo huohuo, na vifo vilipungua sana.

Ninachowasihi ni mpange leo, mchana, mkiwa na akili zenu. Nani ana pikipiki? Namba yake ya simu iko kwa nani? Kituo gani cha afya kina dawa ya sumu ya nyoka? Swali hili la mwisho nenda ukaulize ana kwa ana, kwa sababu dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila kituo. Ukijua mapema kwamba kituo cha karibu hawana, hutapoteza saa nzima kwenda huko kwanza. Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, Arusha kuna ya Mount Meru. Pigeni simu mkiwa njiani wajiandae.

Tumuue nyoka tumlete daktari amwone?

Msimguse. Watu wanaumwa wakijaribu kumuua, na kichwa cha nyoka aliyekatwa bado kinaweza kuuma. Kama mtu alishampiga picha kwa mbali, sawa, tutaitazama. Hatumsubiri nyoka ili tutibu, tunasoma dalili. Kope zimelegea? Uvimbe unapanda? Damu inaganda?

Hilo la damu lina kipimo kizuri kwa urahisi wake. Tunaweka damu kidogo kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, tunaiacha imesimama dakika 20 bila kuitikisa, kisha tunaiinamisha. Ikibaki kama jeli, inaganda. Ikitiririka kama juisi, sumu imeshaingia kwenye mfumo wa damu. Ndugu wakikuona umekaa unaitazama chupa wanadhani unapoteza muda. Nawaomba uvumilivu hapo.

Kwa nini wengine wanafika hospitali na hawachomwi hiyo dawa?

Kwa sababu si kila aliyeumwa anaihitaji. Inatengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, na mwili wa binadamu unaweza kuikataa ghafla: vipele, presha kushuka, kifua kubana. Inatolewa kukiwa na dalili za sumu, adrenalini, dawa ya kuzima mkataano huo, ikiwa mkononi. Asiye na dalili tunamwangalia kwa saa 24.

Mtoto anapata kipimo sawa na mtu mzima. Wazazi wanashtuka wakisikia hivyo, lakini nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyeumwa ni mdogo, na sumu ileile kwenye mwili mdogo ina nguvu zaidi. Mjamzito naye anapewa akiihitaji.

Swila akinitemea machoni nipake maziwa?

Maji kwanza, mengi, yatiririke juu ya jicho lililofunguliwa kwa dakika 15 hadi 20. Litauma sana; mtu mwingine akushike kope. Kama hakuna maji kabisa, maziwa yanafaa kuoshea, kazi yake ni kuosha tu. Usisugue. Kisha nenda hospitali wakaangalie kama kioo cha jicho kimechubuka. Dawa ya macho ya kununua dukani bila kupimwa inaweza kukuharibia jicho.

Sisi tunakwenda kupiga kambi. Tuangalie nini?

Hema liwe mahali peupe, mbali na majani marefu, lundo la mawe na vichuguu. Koboko hupenda kukaa kwenye vichuguu vilivyohamwa. Zipu ya hema ifungwe kila mnapotoka, hata kama ni kwenda kunawa tu. Viatu vilale ndani, na asubuhi vikung'uteni. Kuni zikusanywe kabla jua halijazama, na kila gogo ligeuzwe kwa fimbo kabla ya mkono kwenda chini yake. Mabaki ya chakula yanaita panya, na panya anamleta mwenye kumtaka.

Usiku tochi iwashwe hata ukienda hatua kumi kukojoa. Vijana wengi wananiambia mwanga wa simu unatosha. Unatosha kama unaelekezwa chini miguuni, na siyo kama unasoma ujumbe.

Mkimkuta ndani ya hema, aliye karibu na mlango atoke taratibu, wengine wasimame bila kurukaruka, kisha watoke mmoja mmoja. Acheni mlango wazi, kaeni mbali, na mmoja aendelee kumtazama mjue amekwenda wapi. Na mkipita Meserani, barabara ya Arusha kwenda Makuyuni, kuna bustani ya nyoka. Ingieni mkamwone kifutu nyuma ya kioo. Hakuna picha itakayokufundisha jinsi anavyopotea kwenye majani kama kumtafuta kwa macho yako huku ukijua yumo.

Na nyumbani?

Chanzo ni panya. Mahindi kwenye magunia chini ya kitanda, kuku wanaolala jikoni, matofali yaliyobaki ya ujenzi nyuma ya ukuta: hapo umemwandalia nyoka chakula na malazi. Hamishia kuku banda lao, inua magunia juu ya chaga, ziba uwazi wa chini ya mlango hata kwa kipande cha mpira wa gari.

Swila huingia ndani usiku na kuuma waliolala, hasa wanaolala chini. Chandarua kile cha malaria, kikichomekwa vizuri chini ya godoro, kinamzuia pia.

Akina mama wa majani ya ng'ombe, ninyi ndio ninaowafikiria zaidi. Vaeni gambuti. Kabla ya kushika fungu la majani, pitisha fimbo ndefu, piga piga, subiri kidogo. Mvua za masika zinapojaza mashimo maji, nyoka wanapanda kwenye tuta na kwenye majani makavu ya migomba, yaani hapo hapo mnapoingiza mikono. Oili chafu inayomwagwa kuzunguka nyumba haiwafukuzi, inaharibu udongo na kisima chako.

Nimeruhusiwa kutoka hospitali. Imekwisha?

Bado. Kidonda kisafishwe kila siku kama ulivyoelekezwa, kiungo kifanyishwe mazoezi kisikakamae, na hakikisha ulichomwa sindano ya pepopunda. Kati ya siku ya 5 na ya 14 baada ya dawa unaweza kupata homa, viungo kuuma na vipele vya kuwasha. Watu wengi hudhani ni malaria na kununua dawa dukani. Ni mwili unaijibu ile dawa, na kuna tiba yake. Rudi na karatasi yako ya kuruhusiwa, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba ulipewa dawa ya sumu ya nyoka, na tarehe uliyopewa.