Desibeli 236 za nyangumi: mjadala wa ile picha

Nimeletewa tena ile picha. Nyangumi upande mmoja, ndege ya jeti upande wa pili. Nyangumi kaandikiwa desibeli 236, jeti 140, na chini yake maneno kwamba mlio wa nyangumi ungempasua mtu masikio akiwa ufukweni. Safari hii aliyeituma ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme wa mwaka wa nne. "Prof, umeiona hii?" Nimeiona, tena sana. Sasa naandika, ili atakayeniletea kesho nimpe kiungo.

Desibeli ni uwiano. Ukipewa namba bila kuambiwa imelinganishwa na nini, hujapewa kitu. Hewani tunalinganisha na shinikizo la mikropaskali 20, majini na mikropaskali 1, na hapo tu zimeshaingia desibeli 26 ambazo hazina uhusiano wowote na nyangumi. Halafu maji yenyewe: ukinzani wake kwa sauti ni kama mara 3,600 ya ule wa hewa, kwa hiyo nguvu ileile ikipita majini hujitokeza na shinikizo lililo juu kwa desibeli karibu 36. Jumlisha, unapata 62. Ziondoe kwenye 236, inabaki 174. Hesabu hii ipo katika kila kitabu cha akustika ya majini, sitaichambua zaidi.

Kinachonikera ni mtu anayeondoa 62 kisha akaona kazi imekwisha, akasema, "Basi bado nyangumi ameishinda jeti."

Kwanza, nyangumi aliyechorwa siye. Kwenye picha kuna nyangumi wa nundu, hawa wanaopita pwani yetu majira ya kusi. Namba 236 ni ya nyangumi mwenye meno, yule wa kichwa kikubwa cha mraba (kwa Kiingereza "sperm whale") anayezama vilindini kuwinda ngisi. Mtafiti Bertel Møhl na wenzake walimpima katika bahari ya Norway na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Sauti yenyewe ni mdoko mmoja, "ta!", unaodumu takriban sekunde moja ya elfu kumi. Ukiisambaza nishati ya mdoko huo katika sekunde nzima, unapoteza desibeli 40. Jeti haidokoi, inanguruma mfululizo. Tena mdoko huo hutoka kama mwanga wa kurunzi: 236 ni kwa aliye mbele kabisa ya paji la mnyama, na ukikaa pembeni kiwango hushuka vibaya sana.

Halafu ipo ile mita moja. Kwa desturi yetu, ukali wa chanzo huandikwa kana kwamba umepimwa mita moja kutoka kwenye chanzo. Hakuna aliyeweka haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, hapo. Kichwa cha mnyama huyo peke yake kina urefu wa mita kadhaa, na sauti inaundwa humo ndani! Kinachofanyika ni kupima kwa mbali, kisha kurudi nyuma kwa hesabu. Namba inayopatikana inafaa kwa hesabu nyingine, lakini haielezi mahali ambapo samaki au mpiga mbizi angeweza kuwa. Meli ya kontena ni hivyohivyo: ina urefu wa mamia ya mita, sasa mita moja kutoka wapi? Kutoka kwenye rafadha? Kutoka kwenye injini?

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu nimeliona likitumika vibaya. Katika kikao kimoja cha mambo ya mazingira, mtu alisimama akasema kwamba ikiwa nyangumi wenyewe wanapigiana kelele za 236, basi kupigilia nguzo baharini kwa 200 hakuwezi kumsumbua yeyote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mdoko wa yule nyangumi una nguvu zaidi karibu na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya kilohezi 15. Kelele za nguzo na za meli ziko chini sana, nyingi chini ya hezi 1,000, na huko ndiko samaki wengi wanakosikia na ndiko nyangumi wa nundu anakoimbia. Namba moja isiyo na masafa, muda wala umbali ilitosha kufunga mjadala unaowahusu wavuvi wa Mtongwe na Likoni, hapa Mombasa.

Na sasa upande ambao sisi wataalamu hatuusemi wazi. Hiyo hesabu ya kurudi nyuma inahitaji kujua sauti inapungua vipi njiani. Katika maji mengi ya wazi inatanuka pande zote, unatumia 20 mara logi ya umbali. Ikibanwa kati ya uso wa maji na sakafu ya bahari, unatumia 10. Katika maji ya pwani, wengi wetu tunaandika 15. Kwa nini 15? Kwa sababu iko katikati. Kwa umbali wa kilomita moja, 20 inakupa upungufu wa desibeli 60, 15 inakupa 45, na 10 inakupa 30. Yaani jibu linaweza kuhama desibeli 15 kwa uamuzi uliofanywa mezani, na ripoti ikatoka na namba yenye nukta ya desimali.

Kwenye mlango wa Kilindini sioni jinsi ya kuiamini 15 bila kupima. Tope linameza sauti, mwamba wa matumbawe unairudisha na kuitawanya. Kaskazi ikitulia na jua la mchana likapasha maji ya juu, sauti inapinda kwenda chini, na haidrofoni iliyokuwa ikisikia vizuri asubuhi inapungukiwa alasiri. Juu ya hayo kuna kamba wale wadogo wenye gando moja kubwa. Wakilifyatua, kiputo kinaporomoka majini na kutoa mlio. Wanafyatua kwa pamoja usiku na mchana, na kupima chochote kwenye masafa yao ni shida.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu akileta namba ya desibeli namuuliza imelinganishwa na nini, kwa umbali gani, kwenye masafa yapi na kwa muda gani. Kisha namuuliza amepima sehemu ngapi. Akiwa amepima sehemu moja tu na kuandika 15, namrudisha kwenye mashua, aende na haidrofoni ya pili, na aandike pia saa na hali ya maji kujaa au kupwa.