Kuondoa msimbo rudufu katika mfumo wa faili wa mtandao

Msimbo rudufu ni maelekezo yale yale ya programu yaliyoandikwa zaidi ya pahala pamoja. Kuuondoa ni kubakisha nakala moja, kisha kila sehemu inayouhitaji iuite kutoka hapo. Mtumiaji haoni tofauti. Anayepumua ni yule anayeitunza programu. Jambo hili lisichanganywe na kufuta nakala za data: ofisi ya Chake Chake iliyojaza diski kwa ripoti moja iliyohifadhiwa mara tano haitapata nafasi hata kidogo kwa kusafisha msimbo.

Chukua NFS (Network File System, yaani mfumo wa faili wa mtandao), uliotoka kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Mwalimu wa skuli ya Wete anafungua matokeo ya mtihani akiwa chumba cha walimu kana kwamba yamo kwenye kompyuta yake, kumbe faili limo kwenye seva ofisini kwa mwalimu mkuu. Maelezo rasmi ya toleo la 2 yalichapishwa 1989, ya toleo la 3 mwaka 1995, na ya toleo la 4 mwaka 2000. Toleo jipya halikulifukuza la zamani, kwa hiyo mtengenezaji alilazimika kuyahudumia yote kwa pamoja. Njia ya haraka ilikuwa kunakili kazi ya toleo lililopo na kurekebisha panapotofautiana. Ongeza kuwa kuna upande wa seva na upande wa kompyuta inayoomba faili, na pande zote mbili zinahitaji kujua mambo mengi yanayofanana.

Hatari ya kunakili hivyo ni ile ya nauli ya boti kubandikwa Malindi na Mkoani kwa karatasi mbili tofauti: bei ikibadilika, karatasi moja husahauliwa, na abiria wawili wa boti moja wakatajiwa bei mbili.

Tuangalie pahala pamoja kwa karibu. Mwalimu amefungua faili, na kule kwenye seva mtu mwengine akalifuta. Seva hujibu kwa namba 70, yaani kitambulisho cha faili ulichonacho hakifai tena. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya mwalimu, katika kompyuta nyingi kosa hilo hulijua kwa namba 116. Folda isiyo tupu ikikataa kufutwa, seva husema 66, Linux husema 39. Lazima pawepo jedwali la kutafsiri namba hizi. Katika Linux, jedwali hilo lilikuwa limeandikwa ndani ya faili la msimbo wa toleo la 2 na tena ndani ya faili la msimbo wa toleo la 3, mpaka mwaka 2024 lilipohamishiwa katika folda ya pamoja iitwayo nfs_common, ambako upande wa seva nao unaweza kulitumia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na naiona ya thamani kubwa kuliko inavyosifiwa.

Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja, na hapa ndipo wanafunzi wetu wa Tunguu na Mbweni wanapotakiwa kuwa makini zaidi. Kitambulisho cha faili katika toleo la 2 kina baiti 32 kamili, hakipungui wala hakizidi. Katika toleo la 3 urefu wake hubadilika, mwisho baiti 64. Katika toleo la 4 mwisho ni 128. Misimbo inayokisoma inashabihiana sana kwa macho. Ukiilazimisha kuwa mmoja, utaishia na kipande kimoja kilichojaa masharti ya “kama ni toleo hili, fanya hivi”, na hicho ni kigumu kukisoma kuliko vitatu vifupi. Msimbo kama huo, binafsi ningeuacha ulivyo.

Unaofaa kuunganishwa, uhamishe bila kubadilisha kitu kingine siku hiyo hiyo, ili kosa likitokea ujue limetoka wapi. Kisha fungua faili kwenye kompyuta moja kwa toleo la 2, halafu kwa toleo la 3, na kila mara lifute kwenye seva likiwa bado wazi. Ujumbe wa kosa unaopata lazima uwe ule ule uliokuwa ukiupata kabla hujahamisha.