Je, wajua kwamba kichocheo hakiongezi nishati kwenye betri ya lithiamu na oksijeni?

Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba watafiti wanatia kichocheo kwenye betri za lithiamu na oksijeni, nilielewa kuwa kinaziongezea nguvu. Neno lenyewe lilinipeleka huko: anayechochea moto husukuma kuni, moto ukakua. Kichocheo cha kikemia hakileti kuni. Nishati yote inatoka kwenye muungano wa lithiamu na oksijeni, wenye takriban volti 2.96, kichocheo kiwepo kisiwepo. Kazi yake ni kupunguza upotevu njiani, hasa wakati wa kuchaji.

Betri hii inayochajika, yenye elektroliti (kitu kinachopitisha chaji kati ya pande mbili za betri) isiyo ya maji, ilielezwa na watafiti K. M. Abraham na Z. Jiang mwaka 1996. Inapotumika, lithiamu na oksijeni huwa lithiamu peroksidi, kitu kigumu kinachoganda kwenye vitundu vya elektrodi, yaani upande wa betri unaopokea oksijeni, ambayo mara nyingi ni ya kaboni. Kuchaji ni kukivunja ili oksijeni itoke. Lakini peroksidi hiyo haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo betri iliyotoa volti 2.7 hivi hudai 4 au zaidi kuchajiwa. Theluthi nzima ya umeme unaoingiza inapotea!

Fikiria sufuria yenye ukoko wa wali. Kichocheo kigumu, mfano chembe za metali ya rutheniamu, ni kama dawa iliyopakwa kwenye sufuria: inagusa ukoko wa chini tu, wa juu haifikii. Sasa mimina maji uloweke. Maji hupenya kila ufa na kuufikia ukoko pande zote. Ndivyo zilivyo molekuli zinazoyeyuka ndani ya elektroliti, kama tetrathiafulvaleni iliyojaribiwa na kundi la mkemia Peter Bruce mwaka 2013. Molekuli hufika kwenye elektrodi, huacha elektroni moja, huogelea hadi kwenye peroksidi, hunyakua elektroni kutoka kwake, kisha hurudi kuanza upya. Mchukuzi mmoja, safari nyingi, na mimi hapo ndipo nilipoipenda kemia hii.

Ila mchukuzi huyo anaweza kupotea akafika upande wa lithiamu, akaharibikia huko. Tena volti ya kuchaji kushuka peke yake si ushahidi wa kutosha kwamba kichocheo kinafanya kazi, maana sehemu ya umeme huenda inaiharibu kaboni au elektroliti. Mimi hutafuta hesabu ya gesi: kwa kila elektroni mbili zilizoondolewa kwenye peroksidi, je, imetoka molekuli moja ya oksijeni?