Cheti cha mzizi: unampa nani ruhusa kwenye kompyuta yako?

Huenda ofisi au programu fulani imekutaka uweke cheti cha mzizi (root certificate), yaani cheti ambacho kompyuta hukitegemea kuamua ni vyeti gani vya utambulisho vya tovuti viaminiwe. Ni faili dogo sana, lakini ukishaliingiza kwenye hifadhi ya vyeti vinavyoaminika, mwenye ufunguo wa siri wa cheti hicho anaweza kutia saini cheti cha tovuti yoyote, ya benki yako ikiwemo. Akiwa pia ndiye mwenye mtandao unaoutumia, anaweza kukaa katikati na kusoma kila kitu, huku kufuli la kivinjari likionekana kama kawaida.

Tena kivinjari hulegeza ulinzi wake kwa mzizi ulioweka wewe. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, mamlaka ya vyeti (kampuni inayotoa vyeti vya tovuti) ya Uholanzi, wakatoa cheti bandia cha Google. Kiligundulika kwa sababu Chrome ilikuwa na orodha yake ya funguo halali za Google. Ukaguzi huo haugusi vyeti vilivyotokana na mzizi wako, na wala havidaiwi kuandikishwa kwenye daftari za wazi za vyeti (Certificate Transparency), ambazo yeyote anaweza kuzikagua. Cheti bandia kikitolewa hapo, hakuna mtu wa nje atakayekiona.

Kwa hiyo anza kwa kukagua faili, kwa amri hii kwenye dirisha la amri (terminal):

openssl x509 -in cheti.crt -noout -subject -dates -fingerprint -sha256

Utapata alama ya utambulisho wa cheti (fingerprint) yenye tarakimu na herufi 64. Mpigie simu mwenye cheti, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, mzilinganishe zote. Alama iliyoandikwa kwenye ukurasa uleule uliopakulia faili haithibitishi chochote, maana aliyebadilisha faili angebadilisha na alama. Na ukipewa faili la .pfx au .p12 ukaambiwa ndilo mzizi, simama hapo: mafaili hayo kwa kawaida hubeba ufunguo wa siri, na ufunguo wa mzizi haugawiwi kwa watu. Kosa la Superfish, programu ya matangazo iliyokuja ndani ya kompyuta za Lenovo, lililofichuliwa mwaka 2015, lilikuwa hilohilo: ufunguo mmoja kwa mashine zote, na ukiwa ndani ya mashine zenyewe. Watafiti waliuchomoa haraka, na tangu hapo yeyote angeweza kuutumia dhidi ya wenye kompyuta hizo.

Kwenye Windows, certmgr.msc hukiweka kwa mtumiaji mmoja, certlm.msc kwa mashine nzima. Chagua mwenyewe hifadhi ya Trusted Root Certification Authorities. Ukiiachia Windows ichague, cheti kinaweza kuishia kwenye hifadhi nyingine na onyo la kivinjari kwamba tovuti haiaminiki likabaki palepale. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, nakili faili kwenye /usr/local/share/ca-certificates kisha endesha sudo update-ca-certificates. Ukijibiwa “0 added” kwa cheti kipya, tazama jina la faili kwanza: lazima liishie na .crt, si .pem. Ndani yake pia kuwe na muundo wa PEM, yaani cheti kilichoandikwa kwa maandishi; kama ni DER, muundo usiosomeka kwa macho, geuza:

openssl x509 -inform der -in cheti.cer -out cheti.crt

Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java hutumia hifadhi yake yenyewe mara nyingi, hivyo zinaweza kuendelea kulalamika kwamba cheti hakiaminiki.

Njia ninayoipendelea kuliko zote hizi, ikiwa unahitaji tovuti chache za ndani ya ofisi tu, ni kivinjari cha Firefox. Fungua about:profiles, tengeneza wasifu mpya (profile, yaani mazingira yenye mipangilio yake), ingiza cheti humo kupitia mipangilio ya vyeti, na uweke tiki ya kukiamini kwa tovuti pekee. Shughuli za benki zifanyie kwenye wasifu mwingine. Mfumo mzima wa kompyuta unabaki haukijui cheti hicho.

Kazi ikiisha, kiondoe. Kwenye Debian futa faili, kisha sudo update-ca-certificates --fresh, halafu ufunge na kufungua upya programu zilizokuwa zikikitumia. Usidhani kwamba kufuta programu iliyoleta cheti kunatosha: Superfish ilipoondolewa, cheti chake kilibaki kwenye hifadhi, kikiendelea kuaminiwa.