Embe, mchaichai na harufu ya bangi: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Juzi nilikuwa Ujiji nimekaa na madogo wa bodaboda chini ya mwembe, msimu wenyewe ndo umekolea, maembe yanadondoka yenyewe, dogo mmoja akaokota moja akalifuta kwenye jinzi akasema, "Braza, hili ukila lisaa limoja kabla ya kuvuta, stimu inakuja mara mbili, kuna kemikali humu." Wenzake wote wakaitikia kama wako msikitini.

Kemikali anayoisema ipo kweli, inaitwa mirsini. Iko kwenye kundi la terpini, yaani yale mafuta mepesi yanayoruka hewani haraka na kuupa mmea harufu yake. Mirsini ipo kwenye embe, ipo kwenye mchaichai, na kwenye bangi ipo nyingi tu. Sasa kuanzia hapo stori ndo inaacha njia. Kiasi kilichomo kwenye embe moja ni kiduchu, kinapita tumboni na kwenye ini kwanza kabla hakijaenda popote, na ushahidi wa maana kwa binadamu kwamba embe linaongeza makali ya THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, hakuna. Watu wamechukua kitu kimoja cha kweli, wakakijengea ghorofa juu yake.

Halafu kuna hii ya "ikinuka sana ujue ndo kali". Hii naielewa inapotoka, maana terpini na THC zote zinatengenezwa kwenye tezi zilezile, vile vinywele vidogo vinavyonata kwenye ua la mmea, kwahiyo mtu anaona ni kitu kimoja. Sio kimoja. THC, ambayo ndo inalewesha na ambayo wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga 1964 kule Israeli, yenyewe haina harufu. Inayonuka ni terpini na wenzake, na hazileweshi. Ingekuwa zinalewesha basi bibi yangu anayechemsha mchaichai kila asubuhi angekuwa ana kesi mahakamani. Tena ule mnuko wenyewe mzito, ule unaopita ukuta mpaka jirani anafunga dirisha, hata terpini siyo hasa. Mwaka 2021 watafiti Marekani walionyesha unatokana na kemikali za salfa, ndugu kabisa na zile za kitunguu saumu, na zinahitajika chembe ndogo mno pua izikamate. Na kinyume chake nacho kipo: majani yaliyokaa muda mrefu harufu ikaisha bado THC yake inaweza kumwangusha mtu.

Ile ya "mbegu ya kulala na mbegu ya kuchangamka", indica na sativa, nisiikalie sana. Mwaka huohuo 2021 walipima vinasaba na kemikali za sampuli zilizouzwa Uholanzi kwa majina hayo, wakakuta jina halikuambii mengi kuhusu ukoo wa mmea, tofauti yenyewe ilikuwa kwenye terpini chache tu. Kwa kifupi wauzaji wanafuata pua.

Sasa isije ikaonekana nasema terpini ni hewa tupu, hapana. Chukua ganda la chungwa ulibane karibu na moto wa mshumaa, utaona cheche zinaruka, tulikuwa tunacheza hivyo umeme ukikatika. Hayo mafuta yanayowaka karibu yote ni limonini. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 20: waliovuta mvuke wa THC pamoja na limonini walipata wasiwasi na hofu kidogo kuliko walipovuta THC peke yake, hasa limonini ilipokuwa nyingi. Limonini ikiwa peke yake haikufanya chochote cha tofauti. Kwangu hilo ndo jambo la maana kuliko yote humu, ila tukumbuke ni watu 20, na ni limonini safi iliyopimwa kwa miligramu maabara, siyo mtu kajitafunia ganda la chungwa pale Mwanga sokoni akasema yuko salama.

Pilipili manga nayo ina stori yake, eti mtu ikimzidi anuse au atafune punje atatulia. Ndani yake kuna karayofilini, ipo na kwenye karafuu, na tangu 2008 inajulikana inashika vipokezi vya CB2 mwilini, yaani vile vituo kwenye seli vinavyopokea kemikali kama za bangi. Lakini kulewa kunapitia CB1 vya kwenye ubongo, CB2 viko zaidi kwenye kinga ya mwili. Ukiona mtu imemzidi mkalishe mahali patulivu, mpe maji, usimwache peke yake, na akilalamika kifua au akizimia mpeleke hospitali, mambo ya punje za pilipili achana nayo.

Na wanaosema "ni harufu ya asili, haidhuru", moshi ni moshi, na terpini zikichomwa kwa joto kali zinazalisha mpaka benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Dogo alinisikiliza yote hayo, akauliza, "Kwahiyo embe je?" Nikamwambia embe kula tu. Alishalimaliza, ananyonya kokwa, nyuzi zimemjaa kwenye meno.