Mawasiliano ya kweli katika udahili: maana yake ni nini?

Anayeomba nafasi ya chuo anaweka rehani miaka kadhaa ya maisha yake, na mara nyingi fedha za mkopo, kwa ajili ya kitu ambacho hataweza kukijua vizuri mpaka awe ameshaingia. Karibu yote anayoyafahamu ameyapata kwa chuo chenyewe: kwa ofisa udahili, kwenye tovuti, kwenye kipeperushi. Hapo ndipo dhana hii inapoanzia.

Mawasiliano ya kweli katika udahili ni chuo kumweleza mwombaji mambo yalivyo, kwa namna atakayoyaelewa, kabla hajaamua: ada yote pamoja na michango yake, muda wa masomo, sifa za kujiunga, ithibati (yaani kutambuliwa rasmi na mamlaka husika), na hali ya ajira kwa waliomaliza. Ukweli huo hupimwa kwa kile alichokielewa mwombaji. Kauli inaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado ikampoteza mtu. Kanuni za serikali kuu ya Marekani kwa vyuo ambavyo wanafunzi wake hupata mikopo na misaada ya serikali hiyo zinalisema hili waziwazi: kauli inayoelekea kupotosha inahesabika kuwa upotoshaji sawa na ya uongo, iwe imeandikwa, imetamkwa au imeoneshwa kwa picha. Kwa hiyo ahadi ya kwenye simu nayo ni kauli ya chuo.

Takwimu za ajira ndizo zenye mtego mkubwa. Chukua wahitimu 100. Arobaini hawakujibu walipoulizwa, ishirini wakaandikwa kuwa hawatafuti kazi. Kati ya 40 waliobaki, 36 wana kazi. Tangazo linasema asilimia 90 ya wahitimu wanaotafuta kazi wameajiriwa, na hesabu inakubali. Lakini chuo kina uhakika wa ajira ya watu 36 tu kati ya 100, na mwombaji hajui.

Jambo la namna hii limewahi kufika mahakamani. Januari 2016 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliishtaki DeVry University kwa matangazo yaliyosema asilimia 90 ya wahitimu waliotafuta kazi kwa bidii walipata kazi za fani yao ndani ya miezi sita. Tume ilidai kuwa hesabu hiyo iliingiza hata watu waliokuwa na kazi zao kabla ya kujiunga na chuo, na ikawaacha nje baadhi ya waliokuwa bado wanatafuta. Desemba mwaka huohuo chuo kilikubali suluhu ya dola milioni 100, karibu nusu yake ikiwa fedha taslimu na iliyobaki kufuta madeni ya wanafunzi.

Ithibati nayo huumiza watu kimyakimya. Mwombaji wa uuguzi anauliza, "Mna ithibati?" Ofisa anajibu ndiyo, na kweli chuo kinayo. Ila alichotaka kujua mwombaji ni kama akimaliza kozi hii ataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Chuo kinaweza kutambuliwa huku kozi yake moja ikiwa haijakubaliwa na bodi ya taaluma. Jibu la kweli hapa ni lile linalofika kwenye leseni, hata kama mwulizaji hakujua kuuliza hivyo. Kwangu mimi, kunyamaza mahali hapa ni kosa zito kuliko kutia chumvi kwenye tangazo, kwa sababu muhusika hugundua akiwa ameshamaliza kulipa.

Kuna pia shinikizo: "nafasi zimebaki mbili, lipa leo." Kama zimebaki mbili kweli, mwambie. Kama ni maneno ya kumharakisha, umemnyima muda wa kufikiri. Shinikizo la aina hii hustawi pale ofisa au wakala anapolipwa kwa kila kichwa anachokileta. Ndiyo maana mwaka 1992 Marekani ilipiga marufuku, kwa vyuo ambavyo wanafunzi wake hupata mikopo na misaada ya serikali kuu, kamisheni na bonasi zinazotegemea idadi ya wanaoandikishwa.

Haya yote hayamzuii mtu kukisifia chuo chake. Kama kina walimu wazuri au maabara mpya, na vitangazwe. Ofisa asiyejua jibu aseme hajui, akaulize, kisha ajibu kwa maandishi na kuhifadhi nakala. Na ada ikipanda baada ya barua za udahili kutoka, kila aliyepewa barua aambiwe kabla ya tarehe ya malipo, hata yule ambaye hajauliza.